Nafaqa Baada ya Talaka: Je, Hukumu ya Kadhi Yaweza Kurejewa?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Kuna malalamiko mawili ambayo maimamu wetu huyasikia mara kwa mara watu wanapobaki msikitini baada ya Sala ya Ijumaa na haja zao. La kwanza huletwa na mwanamume. Kadhi alimwamuru atoe kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya watoto aliozaa na mtalaka wake, kisha kazi ikamponyoka, naye akapunguza mwenyewe bila ya kumwambia mtu. La pili huletwa na mwanamke, au na kaka yake kwa niaba yake. Kiasi alichoandikiwa mtoto alipokuwa ananyonya ndicho hicho hicho leo mtoto yuko darasa la sita, na kila wakienda kulalamika huambiwa kwamba hukumu ilishapita na haifunguliwi tena.

Huyu wa kwanza ameifanya hukumu ya kadhi kuwa si kitu. Na aliyemjibu huyu wa pili ameifanya kuwa kama aya iliyoteremka. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hawakujua hukumu ya nafaqa ni hukumu ya namna gani. Tunataka kuonyesha hapa, kwa maneno ya mafaqihi na kwa historia ya mahakama zetu, kwamba nafaqa ya siku zijazo haikufungwa tangu mwanzo na kwa hivyo hubadilika hali zikibadilika. Lakini mlango wake ni wa kadhi, si wa mume wala wa mke.

Tuanze na neno lenyewe. Waswahili tukisema "nafaka" leo twakusudia mahindi, mpunga, mtama na mfano wake. Asili ya neno hili ni nafaqa ya Kiarabu, yaani matumizi ambayo mtu anapaswa kuwapa walio chini yake. Lugha yetu imehifadhi jambo ambalo wengi wamelisahau: katika Fiqhi ya Imam Shafi, ambayo ndiyo iliyosomeshwa pwani hii karne kwa karne, nafaqa ya mke ilikuwa ni nafaka hasa, inayopimwa kwa kipimo na kutolewa siku kwa siku. Tutarudi kwenye kipimo hicho, maana ndani yake ndimo limo jawabu.

Yasiyobadilika

Kwanza tutenge mambo ambayo watu huyachanganya. Mwanamke anapoachwa, vitu kadhaa huweza kuwa juu ya shingo ya mume wa zamani, na si vyote vya hukumu moja.

Mahari iliyobaki ni deni. Kiasi chake kilitajwa siku ya ndoa, na utajiri au ufukara wa mume hauongezi wala haupunguzi hata senti. Akifilisika atapewa muda kama mdaiwa yeyote, lakini deni ni lile lile.

Kiliwazo cha talaka, yaani mut'a (wala isidhaniwe kuwa ni ile ndoa ya mut'a), nacho hutolewa mara moja. Aya ya 236 na ya 241 za Suratul-Baqara ndizo tegemeo lake. Kwa kauli mpya ya Imam Shafi ni wajibu kwa kila mtalaka, isipokuwa aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hali ya kuwa mahari yake yametajwa, au ambaye sababu ya kuachana imetoka kwake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijiria (1277), ametaja katika Minhaj kwamba yapendeza kisipungue dirhamu 30, na wakigombana hukadiria kadhi kwa kuangalia hali zao. Kadhi akishakadiria na mume akatoa, jambo limekwisha. Mume akitajirika mwaka unaofuata, mke hana dai jipya. Na akifukarika, hana cha kudai arudishiwe.

Na nafaqa ya siku zilizokwisha kupita, ikiwa imethibiti kuwa deni, ni deni. Hili tutalirudia.

Kinachobaki ni nafaqa ya siku ambazo hazijafika: ya mtalaka aliye ndani ya eda kwa yule anayestahiki, na ya watoto. Hapa ndipo swali letu lilipo.

Alfajiri ya kila siku

Aya ya 7 ya Suratut-Talaq imekuja baada ya Allah Mtukufu kutaja makazi ya walioachwa, matumizi ya wenye mimba na ujira wa wanaowanyonyeshea watoto. Inamwamrisha mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichojaaliwa. Kisha inamalizia kwa ahadi kwamba baada ya dhiki Allah ataleta wepesi. Wengi huisoma sehemu hii ya mwisho kama maliwazo tu. Sisi twaona ndani yake pia ishara ya hukumu: aya ile ile inayoweka kipimo cha nafaqa inatutanabahisha kwamba hali ya mtoaji haisimami mahali pamoja. Kama kipimo ni hali yake, na hali yake inageuka, vipi kiasi kitabaki vile vile?

Mafaqihi wa Shafi walilisimamisha hili kwa hesabu. Mume tajiri hutoa mudi mbili kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, maskini mudi moja. Mudi ni robo ya pishi ile tunayoitolea zakatul-fitri, na wazee wetu walikuwa wakiifasiri kwa kibaba, maana pishi ni vibaba vinne. Lakini huyu mtu ahesabiwe tajiri au maskini kwa siku ipi? Siku ya ndoa? Siku ya talaka? Siku aliyosimama mbele ya kadhi? Jawabu la wanavyuoni wa madhehebu, walioisherehesha Minhaj, ni kuchomoza kwa alfajiri ya kila siku. Alfajiri ndiyo saa nafaqa inapowajibika; aliyeamkia katika utajiri atatoa ya tajiri siku ile, hata kama jioni mali yake yote imezama baharini, na kesho yake atahesabiwa upya.

Tunawaomba wanafunzi wasimame hapa kidogo. Ikiwa wajibu wenyewe unazaliwa upya kila alfajiri, basi kadhi anapomwandikia mwanamume kiasi cha mwezi au cha mwaka hakuhukumu juu ya jambo lililokwisha thibiti. Amekadiria tu, kwa kudhani kwamba alfajiri zijazo zitafanana na ya leo.

Na hili si la Shafi peke yao. Burhanuddin al-Marghinani, mwanachuoni wa Hanafi aliyefariki mwaka 593 Hijiria (1197), ameeleza katika al-Hidaya kwamba kadhi akimwandikia mke nafaqa ya mume maskini, kisha mume akapata mali na mke akashtaki, kadhi atamtimizia nafaqa ya tajiri. Sababu aliyoitoa ni kwamba kilichohukumiwa mwanzo kilikuwa makadirio ya nafaqa ambayo bado haijawajibika. Na katika vitabu vya Hanafi vya baadaye imo kanuni nyingine yenye manufaa makubwa kwa zama zetu: nafaqa hukadiriwa kwa kufuata ughali na urahisi wa bei, wala haifungwi kwa idadi ya dirhamu au dinari isiyobadilika. Kwa hiyo hali ya mume inaweza kubaki vile vile, na sokoni mambo yakageuka, na hilo likawa sababu tosha ya kurudi kwa kadhi.

Mtalaka mwenye mimba ni mfano wa karibu zaidi na mada yetu. Kwa Imam Shafi, aliyeachwa talaka baini hana ila makazi, isipokuwa akiwa na mimba, hapo ana nafaqa pia. Minhaj inasema haiwajibiki kumkabidhi mpaka mimba idhihiri, na ikidhihiri hupewa siku kwa siku. Na mtalaka wa talaka rejea aliyedhaniwa mjamzito, akaendelea kupewa, kisha ikabainika kuwa hana mimba, mume atarejeshewa alichotoa baada ya eda kwisha. Katika mas'ala haya mawili amri imeanza, imesimama na imerudi nyuma kwa kufuata ukweli ulivyojitokeza. Anayesema hukumu ya nafaqa haiguswi atayasomaje haya?

Barua ya Sayyidna Umar

Watakaopinga wana hoja, na si hoja dhaifu. Kanuni iliyokubaliwa ni kwamba ijtihadi haitenguliwi kwa ijtihadi mfano wake. Lau kila kadhi angevunja hukumu ya aliyemtangulia kwa kuwa yeye ameona vingine, watu wasingekuwa na utulivu wa mali wala wa ndoa.

Asili ya kanuni hii ni Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Lilimjia fungu la mirathi: mume, mama, ndugu wa kwa mama na ndugu wa baba na mama. Mara ya kwanza hakuwapa ndugu wa baba na mama kitu. Likamjia mara nyingine, akawashirikisha pamoja na ndugu wa kwa mama katika thuluthi. Alipoambiwa kwamba mwaka uliopita alihukumu sivyo, alieleza kwamba ile ya kwanza inabaki kama ilivyohukumiwa na hii nayo ni kama inavyohukumiwa sasa. Hakuwanyang'anya waliokwisha kugawiwa, wala hakujifunga na kosa kwa mbele.

Na katika barua mashuhuri aliyomwandikia Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) juu ya kazi ya ukadhi, amemuusia kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurudi kwenye haki akishaiona. Ibn Hazm wa Andalusia hakuikubali isnadi ya barua hiyo. Lakini Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijiria, 1350) aliisherehesha kwa urefu katika I'lamul-Muwaqqi'in na kusema kwamba wanavyuoni wameipokea.

Sasa tupime. Kama Umar (r.a.) aliweza kuacha ya jana ibaki na kuhukumu ya leo upya pale ambapo rai yake tu ndiyo iliyobadilika, basi katika nafaqa, ambapo kilichobadilika ni hali yenyewe na si rai ya kadhi, jambo ni jepesi zaidi. Kadhi anayeongeza au kupunguza nafaqa hatengui chochote. Ya miezi iliyopita inabaki ilivyohukumiwa. Ya miezi ijayo inapimwa kwa hali yake. Kanuni ya kutotenguliwa ijtihadi haikuguswa kabisa, na anayeitaja hapa ameitaja mahali pasipo pake.

Watoto

Nafaqa ya mtoto haina mudi. Ni ya kutosheleza, kwa yale yanayojulikana kuwa mema. Msingi wake ni kisa cha Hind binti Utba, aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) juu ya ubahili wa mumewe Abu Sufyan, naye akamruhusu achukue katika mali yake kiasi kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Kinachomtosha mtoto wa miezi sita si kinachomtosha wa miaka kumi. Kwa hiyo kwa mtoto sababu za mabadiliko ni tatu: hali ya baba, bei za soko, na umri wa mtoto mwenyewe, na hii ya tatu haihitaji hata kuthibitishwa kwa mashahidi.

Mafaqihi waliliona hili mapema. Abu Bakr al-Khassaf, mwanachuoni wa Hanafi wa Baghdad aliyefariki mwaka 261 Hijiria, alitunga kitabu kizima juu ya nafaqa peke yake. Na katika daftari za makadhi wa dola ya Uthmaniyya, zile za Damascus, Nablus na Jerusalem, wamo akina mama wengi waliosimama mbele ya kadhi kuandikiwa nafaqa ya watoto kwa siku na kupewa idhini ya kukopa kwa jina la baba asiyekuwepo.

Kukopa huko kuna siri yake. Katika madhehebu yetu nafaqa ya mke isipotolewa inakuwa deni hata kama hakuna kadhi aliyeiandika. Ya mtoto sivyo: muda ukipita imeanguka, ila ikiwa kadhi ameifaradhia au ametoa idhini ya kukopa kwa sababu baba hayupo au amekataa. Kwa hiyo mama anayenyamaza miaka mitatu akitegemea kwamba atadai yote kwa pamoja anaweza kujikuta hana dai. Maimamu walieleze hili waziwazi. Kwenda kwa kadhi mapema kunailinda haki ya mtoto isipotee, na hakuna aibu wala ugomvi ndani yake.

Kuna swali gumu ambalo hatutaki kulikwepa. Baba ameoa mke mwingine, naye anakuja kuomba apunguziwe nafaqa ya watoto wa kwanza. Kwa dhahiri ya vitabu ana hoja, kwa sababu kipato kisipowatosha wote, mtu huanza na nafsi yake, kisha mkewe, ndipo jamaa, na watoto wamo katika jamaa. Tumewahi kusikia ibara hii ikisomwa katika mabaraza kisha mtoto akapunguziwa papo hapo.

Tunasema waliosoma hivyo wamesoma mstari mmoja na kuacha jirani zake. Utangulizi huo ni kwa mtu ambaye kwa hakika hana cha kutosha. Na mtu wa namna hiyo, kwa kipimo cha alfajiri, ni maskini. Na mke wa maskini haki yake ya lazima ni mudi moja, si mbili. Haiwezekani mtu awe tajiri mlangoni kwa mke mpya na maskini mlangoni kwa mwanawe. Akitaka kumtangulia mtoto kwa hoja ya mke, na amtangulie kwa kile kibaba kimoja na mavazi ya maskini, kisha kinachobaki kiende kwa mtoto. Tena Minhaj imesema kwamba huuzwa katika mali yake kwa ajili ya nafaqa hii kile kinachouzwa kwa ajili ya deni, na kwamba mwenye uwezo wa kuchuma hulazimishwa achume, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kadhi akishapitia hayo yote, wachache sana watabaki na sababu ya kupunguziwa.

Na mama aliyejivua kwa khului kwa sharti la kuwatunza watoto yeye mwenyewe, kisha akafukarika? Hanafi wanasema baba hulazimishwa kutoa, na kiasi hicho kinakuwa deni juu ya mama akipata. Mapatano ya wazazi hayakumfanya mtoto ashinde na njaa.

Pwani yetu na rupia

Katika enzi ya masultani wa Zanzibar makadhi walikuwa wa madhehebu mawili, Shafi na Ibadhi, na Waingereza walipoweka himaya yao mwaka 1890 waliendelea kuwepo, ingawa mipaka ya kazi yao ilibanwa. Nafaqa ikawa inaandikwa kwa fedha na si kwa vibaba. Hapo ndipo tatizo la leo lilipoanza kujengeka. Kibaba cha mchele ni kibaba mwaka huu na mwakani, rupia sivyo. Mwaka 1936 rupia ya Zanzibar iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na shilingi, kwa hesabu ya shilingi moja na nusu kwa rupia. Miaka sita baadaye, 1942, Wajapani waliitwaa Burma ulikotoka mchele mwingi, na chakula kikawa adimu visiwani. Mwanamke aliyeandikiwa rupia 10 kwa mwezi kabla ya hapo angekuwa na shilingi 15 mkononi, hesabu haikukosewa hata senti, na chungu chake hakijai. Anayeshikilia namba iliyoandikwa karatasini kwa kudai ndio uaminifu kwa hukumu, ameiacha hukumu na kushika karatasi. Mafaqihi waliopima kwa nafaka walikuwa na hekima ambayo fedha imetusahaulisha.

Leo mambo yamegawanyika. Kenya, mahakama za kadhi zimetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Zanzibar zinaendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Tanzania Bara, kesi za ndoa na talaka zinakwenda kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo imeipa mahakama uwezo wa kubadilisha amri ya matunzo pale hali zinapobadilika sana au ikionekana amri ilijengwa juu ya maelezo yasiyo ya kweli. Katika nukta hii tu, sheria hiyo na Fiqhi hazikugombana.

Kisa cha Indore

Twende India kidogo, kwa sababu kisa kilichotokea huko kimetajwa sana midomoni mwa Waislamu na kimefahamika nusu. Shah Bano wa mji wa Indore aliolewa mwaka 1932 na wakili, Mohammed Ahmed Khan. Akatolewa nyumbani mwaka 1975, akaachwa Novemba 1978. Mume alisema ameshampa rupia 200 kwa mwezi kwa muda wa miaka miwili hivi, na akaweka mahakamani rupia 3,000 za mahari. Hakimu, mwaka 1979, aliamuru rupia 25 kwa mwezi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Madhya Pradesh ikapandisha hadi rupia 179 na senti 20. Mume akaenda Mahakama ya Juu, naye akashindwa tarehe 23 Aprili 1985.

Zogo lililofuata linajulikana: maulamaa wa India walipinga kwamba mahakama isiyo ya kisheria ya Kiislamu imeifasiri aya ya 241 ya Suratul-Baqara na kuifanya kuwa dalili ya matumizi ya kila mwezi baada ya eda. Bunge likapitisha sheria mwaka 1986. Kisha mwaka 2001, katika kesi ya Danial Latifi, Mahakama ya Juu ikaifasiri sheria hiyo kwamba mume atoe ndani ya eda kiasi cha haki kinachoangalia maisha ya mbele ya mtalaka. Na mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo ikasema mtalaka Mwislamu anaweza bado kudai kwa sheria ya jumla ya nchi.

Kinachotuhusu ni hiki. Kupanda kutoka 25 hadi 179 hakukuwa kwa sababu hali ya mume au bei zilibadilika, bali ni mahakama ya juu kuona ya chini ilikosea. Hiyo ni rufaa, nayo ni mlango mwingine. Watu wasichanganye kati ya kusema kadhi alikosea siku ile, na kusema kadhi alipatia siku ile lakini siku imebadilika. Pili, mahakama ile ilichukua kiliwazo, ambacho kwa asili hutolewa mara moja, ikakivisha nguo ya nafaqa inayokwenda mwezi kwa mwezi. Ufumbuzi wa 2001 ukakirudisha kwenye mkupuo mmoja, lakini ukakibebesha mzigo wa miaka yote ijayo, na mkupuo haukadiriwi upya mwanamke akiugua miaka 10 baadaye. Na kwa nini mzee aliyekaa katika ndoa zaidi ya miaka 40 akabaki hana wa kumtazama? Fiqhi ina jibu: nafaqa yake inarudi kwa watoto wake wenye uwezo na jamaa zake. Sheria ya 1986 ililitaja hilo. Jamii zetu zinapolisahau, watu humtafutia mwanamke haki mahali pengine, na sisi hatuna uso wa kulaumu.

Muda wa kusubiri

Nchi za Kiislamu zilipoandika sheria za familia katika karne ya 20 zilikuta tatizo la upande wa pili: mabaraza kujaa watu wanaorudi kila mwezi. Syria, katika sheria ya 1953, ikakubali nafaqa kuongezwa na kupunguzwa kwa kubadilika hali ya mume na bei za nchi, lakini shauri lisisikilizwe kabla ya miezi sita ila kwa dharura. Oman mwaka 1997 na Morocco mwaka 2004 zikaweka mwaka mmoja, nazo zikatoa nafasi kwa hali zisizo za kawaida.

Je, huku si kupingana na kipimo cha alfajiri? Sisi hatuoni hivyo. Wajibu baina ya mtu na Mola wake unabadilika kila alfajiri. Kinachowekewa muda ni kusikilizwa kwa shauri, na mtawala ana haki ya kumwekea kadhi mipaka ya anachosikiliza. Baba aliyepata kazi nzuri mwezi wa pili, na mahakama haimsikilizi mama mpaka mwezi wa kumi na mbili, hana udhuru mbele ya Allah kwa miezi iliyo katikati.

Na yule wa mwanzo, aliyepunguza mwenyewe? Mtu aliyejulikana kuwa na uwezo huhesabiwa yuko katika uwezo huo mpaka athibitishe kinyume chake. Maadamu hakuleta ushahidi, kiasi alichoandikiwa watoto wake kimeendelea kuandikwa juu yake kwa amri ya kadhi. Aende, alete mashahidi wa kufukarika kwake, aonyeshe ameacha kazi au ameachishwa, aonyeshe ametafuta nyingine. Kadhi akiridhika atampunguzia. Na kama baadaye Allah atamfungulia, kiasi kitapandishwa tangu hapo kwenda mbele, wala hatadaiwa tofauti ya zile siku za dhiki zilizothibiti, kwa sababu kila moja katika siku hizo ilikuwa na alfajiri yake.

Wallahu a'lam.